Babu wa Njiwa wa Glasgow: Mjukuu Asemwe, Ila Msome Kwanza Alichoandika

Kama wikiendi iliyopita ulikuwa hewani basi ile posti umeiona, na kama hukuiona umetumiwa skrinshoti kwenye grupu la ofisini. Mtangazaji mmoja maarufu wa Dar, mama yake mtu wa Bukoba, baba yake Mskoti, amemzika babu yake huko Uskoti. Wengi walitegemea ile picha nyeusi yenye mshumaa, viganja viwili vya kuomba na maneno mawili matatu. Dada akashusha gazeti zima. Na kwenye gazeti lote hilo hakuna "nguzo ya familia" wala "pengo lisilozibika". Kuna njiwa. Kuna timu ya mpira iliyozoea kufungwa. Kuna milima, daftari lililoloa mvua, na kamba namba mbili.

Watu wakamshukia kama mwewe. Kundi la kwanza likasema amegeuza msiba kichekesho, mzee wa miaka 79 anaagwaje kwa stori za kuibiana njiwa? Kiki hiyo. Kundi la pili likaenda kuchimba picha zake za zamani, likauliza alikuwa wapi babu akiwa hai. Hili la pili lina uzito na lina nafasi yake chini. Ila kwanza mzee mwenyewe, maana inavyoonekana wengi wanaobishana waliishia kwenye ile mistari minne ya juu, pale penye "soma zaidi".

Alizaliwa mwaka uliofuata baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha, Clydebank, mji uliogusana na Glasgow kando ya mto Clyde. Akiwa na miaka 15 akaingia kwenye yadi ya meli ya John Brown kujifunza kuchomelea. Hapo ndipo ilipojengwa QE2, ile meli ya abiria ambayo Malkia Elizabeth wa Pili aliizindua tarehe 20 Septemba 1967. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa mto huo si mgeni kabisa: MV Victoria ilitengenezwa Glasgow na kampuni ya Yarrow, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Mzee hakuigusa, ilikuwa yadi nyingine. Lakini siku mwanawe alipomleta nyumbani binti wa Kihaya aliyekuwa anasoma naye, swali la kwanza kwa mkwe mtarajiwa halikuwa la ukoo wala la dini. Lilikuwa: ile meli bado inatembea? Binti akasema ndiyo, ndiyo iliyokuwa inampeleka shule Mwanza. Mambo yakawa yameisha hapo hapo.

Mwaka 1971 serikali ya Uingereza ilipokataa kuziokoa yadi za Clyde, wafanyakazi hawakugoma. Walifanya kinyume chake, waliendelea kuingia kazini na kuziendesha wenyewe, na kiongozi wao Jimmy Reid akawaonya mapema kwamba hakuna fujo wala ulevi kwa sababu dunia inawatazama. Mwaka uliofuata serikali ikalegea, ikatoa pauni milioni 35. Mzee alikuwa humo, kijana wa miaka 25.

Mjukuu ameyapitia haya yote kwa sentensi mbili tu, na kuna waliomlaumu kwamba ameficha historia ameanika mambo ya kipuuzi. Hapana. Amefuata mpangilio wa mzee mwenyewe. Kazini kulikuwa na king'ora cha kuingia na king'ora cha kutoka, na hakuna aliyemuuliza mtoto wa miaka 15 wa Clydebank kama anataka kuchomelea. Alichokifanya king'ora cha jioni kikishalia, hicho ndicho alichokichagua yeye. Ukitaka kumjua mtu, anzia hapo. Wasifu wake wa kazi unaeleza zaidi mwajiri alihitaji nini.

Haya, njiwa sasa.

Wengi wamedhani ni njiwa wa mashindano, wale wa kurushwa mbali wakarudi nyumbani. Siyo. Mchezo wa Glasgow ni wa kihuni zaidi na ni mtamu zaidi. Unajenga kibanda cha mbao kilichosimama kama mnara mwembamba, wenyewe wanakiita dookit, mara nyingi kwenye kiwanja kitupu kisichokuwa na mwenyewe anayeeleweka. Humo unafuga njiwa wa aina maalum, wenye kifua cha kujaza upepo na mikogo ya kutosha. Jirani yako, tuseme mita mia mbili kutoka hapo, naye ana mnara wake. Asubuhi unamwachia dume lako. Akikutana hewani na jike la jirani anaanza kazi: anajivimbisha, anazunguka, anamwita. Akifanikiwa anarudi naye nyumbani, wanatua juu ya mnara, na wewe uliyejificha ndani unavuta kamba, mtego unafunga. Jike ni lako. Hakuna polisi, hakuna kudaiana, hakuna "bro nirudishie". Ndiyo sheria. Kesho jirani atatoa jike lake jingine, zuri zaidi, na dume lako lenye mikogo litaondoka mchana kweupe usilione tena.

Yaani ni kutongozana kwa niaba. Wanaume wazima wamekaa ndani ya boksi la mbao kwenye baridi wanasubiri ndege wao akapendwe.

Mzee alifanya hivi kwa zaidi ya miaka 40, na muda wote huo mpinzani wake alikuwa mtu yule yule, fundi bomba mstaafu wa mtaa wa pili. Hawakuwa marafiki kwa maana ya kutembeleana. Walikuwa hawasalimiani mbele ya vibanda, maana ingeonekana mtu anapeleleza. Baa walikaa meza tofauti. Lakini mke wa fundi bomba alipolazwa, kila asubuhi kwa wiki sita mzee alikwenda kulisha njiwa wa adui yake, na hakuiba hata mmoja. Mwenye mali aliporudi aliwahesabu. Wametimia. Siku iliyofuata vita ikaendelea. Mjukuu anasema hakuwahi kuisikia stori hii mpaka fundi bomba alipomsimulia kwenye msiba, akiwa amemshika mkono na hataki kuuachia.

Sasa jiulize kama "alikuwa mtu wa watu" ingekupa hiyo.

Mpira. Glasgow ni mji wa Celtic na Rangers kama Dar ilivyo ya Simba na Yanga. Ukizaliwa unakuta umeshapangiwa, na kule kuna dini imeingia katikati, kwa hiyo utani wenyewe si wa kuchezea ovyo. Mzee akachagua Partick Thistle. Ni sawa na mtu wa Kariakoo kusema yeye ni wa timu ya tatu, anasikiliza tu kelele. Tarehe 23 Oktoba 1971, katikati ya lile sekeseke la yadi, Thistle ilikutana na Celtic fainali ya Kombe la Ligi uwanja wa Hampden. Celtic hiyo ilikuwa imecheza fainali ya Ulaya mwaka mmoja nyuma. Mpaka mapumziko Thistle wanaongoza 4–0. Mechi ikaisha 4–1. Halafu ikafuata miaka hamsini na kitu ya kuteseka, na kila jambo baya lilipotokea, paa likivuja, gari likizima, mzee alikuwa anasema kwa utulivu kabisa: nne moja. Mwaka 2015 klabu ilipoleta kikaragosi kipya, lile jua la njano lenye miiba na uso wa mtu aliyenyimwa usingizi, kazi ya msanii David Shrigley, mitandao ya Uingereza ilicheka wiki nzima. Mzee akanunua kikombe chake. Ndicho kikombe kilichopo kwenye picha ya tatu, kwa wale waliouliza kile kitu ni nini.

Na kwa waliouliza mbona hakuna picha ya babu na sketi ya Kiskoti na zumari la mfuko: zumari hakujua kupiga, na kilt aliikodi mara moja tu, kwenye harusi ya mwanawe, akalalamikia bei ya kukodi mpaka keki inakatwa. Hata ile mila yao ya mwaka mpya, ambapo mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku anatakiwa awe mwanaume mwenye nywele nyeusi, amebeba kipande cha makaa ya mawe, ilimpita pembeni. Alikuwa na nywele nyekundu, na wao wanaamini nywele nyekundu mlangoni ni nuksi. Kila mwaka alisubirishwa nje kwenye baridi mpaka apite mwingine kwanza. Nyumba yake mwenyewe.

Milima ndiyo iliyoleta ugomvi mwingine huko chini ya posti. Mwaka 1891 bwana mmoja, Sir Hugh Munro, alichapisha orodha ya milima yote ya Uskoti inayozidi futi 3,000, yaani mita 914. Leo orodha ina milima 282, na Waskoti wamegeuza kuipanda yote kuwa shughuli ya maisha. Usicheke ukakumbuka Kilimanjaro na mita zake 5,895. Ben Nevis, mrefu kuliko yote kule, una mita 1,345 na bado unaua watu, kwa ukungu na upepo na watu kujiamini kupita kiasi. Mzee alipanda 279, zote Jumapili na siku za likizo, na kila mmoja aliuandika kwenye daftari dogo: tarehe, aliyekuwa naye, hali ya hewa, na alichokula. Mjukuu ameweka picha ya kurasa chache. Nyingi zinasema kitu kile kile, mvua, hakuna kilichoonekana, mkate wa jibini, siku nzuri sana.

Mitatu iliyobaki iko kisiwa cha Skye, kwenye ukingo wa Cuillin, kule kwenye mwamba mtupu ambako kilele kimoja hukifiki bila kamba. Magoti yakakataa.

Komenti yenye laiki nyingi kuliko zote inamwambia dada aende akaimalizie hiyo mitatu kwa niaba ya babu, arekodi, awe na 282 za familia. Kuna aliyeshapendekeza mpaka wadhamini. Wazo linagusa moyo, lakini ni baya. Kumalizia hesabu ya mtu mwingine ni kuamua kwamba alishindwa, na hakuna mstari hata mmoja kwenye lile daftari unaoonyesha mzee alijiona ameshindwa. Ukurasa wa mwisho hakuandika "imebaki mitatu". Aliandika kwamba ilinyesha. Sir Hugh mwenyewe alikufa mwaka 1919 hajaimaliza orodha yake, na hakuna anayemhesabu kama mtu aliyefeli. Dada akitaka kupanda mlima apande kwa sababu anautaka, wa kwake namba moja, na ale mkate wake wa jibini huko juu. Akienda na kamera na mdhamini, hiyo itakuwa kazi, na itakuwa na king'ora.

Sasa Dubai.

Kundi la pili limeona limevumbua siri. QE2 ilistaafu mwaka 2008, na tangu 2018 ni hoteli, imetia nanga Port Rashid, Dubai. Mzee alijua. Kila mjukuu alipotaja Dubai kwenye simu za Jumapili, alimwomba kitu kimoja, aende akaipande ile meli, apige picha, amuonyeshe. Hakuomba perfume wala tende. Dada amekwenda Dubai mara tatu kula bata. Kuna picha za jangwani, kuna picha na lile ghorofa, kuna picha za chakula chenye dhahabu juu. Ya meli hakuna.

Wachimbaji wamezianika zote hizo kama ushahidi. Shida ni kwamba ameyasema mwenyewe, aya ya sita, bila kujitetea: aliombwa mara tatu, akasahau mara tatu, na mara ya tatu hakusahau kweli, alikuwa amechoka tu. Mtu ambaye kazi yake ya kila wiki ni kumkalisha msanii kwenye kiti na kumuuliza maisha yake tangu utoto, hakuwahi kumuuliza babu yake jina la njiwa mmoja. Ameyapata haya yote kwa siku tisa alizokaa Uskoti, kutoka kwa fundi bomba, kutoka kwenye daftari, kutoka kwa wazee wa yadi waliofika na fimbo zao. Kwa hiyo ndiyo, swali la alikuwa wapi ni la haki, na jibu lake ni baya. Hakuna haja ya kumpaka mafuta.

Lakini angalieni mnamtaka afanye nini. Kwa kuwa alichelewa, anyamaze? Aweke mshumaa? Ule mshumaa ndiyo maficho yenyewe. Sifa za jumla hazihitaji umjue mtu. Unaweza kumwandikia "nguzo ya familia" babu wa jirani na hakuna atakayegundua. Wenye posti safi za misiba, zile zisizosemwa na mtu, wangapi wanaweza kutaja alichokipenda marehemu siku ambazo hakuwa na kazi? Huyu amekubali aonekane alivyochelewa ili babu yake aonekane alivyokuwa. Ni biashara ya hasara kwa mtu anayeishi kwa sura yake, na ameifanya.

Kuhusu kichekesho. Bongo hii hii yenye watani ndiyo inashangaa mtu kucheka msibani? Mtani anaingia kwenye matanga amevaa koti la marehemu, anaiga alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anakataa kulipa nauli, wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka, na hakuna anayesema amekosa adabu. Waskoti hawana watani wa ukoo, lakini baada ya makaburini wanakwenda kula pai ya nyama, chai ipo na whisky ipo, na kila mwenye stori anasimama. Posti ile ndiyo meza ile. Alichokosea dada labda ni kudhani mitandaoni kuna ndugu.

Na kamba. Kule jeneza linashushwa kwa kamba, kwa kawaida nane, na kila kamba ina mtu wake. Kabla ya siku unapewa kakadi kenye mchoro wa jeneza na namba yako. Kupewa kamba ni heshima, na kunyimwa ni habari. Mzee aliipanga orodha mwenyewe miezi kadhaa kabla, kwa kalamu. Namba moja mwanawe. Namba mbili mjukuu wa Dar, yule yule wa Dubai. Zamani kule kamba zilikuwa za wanaume, hata wanawake kufika kaburini sehemu nyingine halikuwa jambo la kawaida. Wasomaji wa Pwani hawahitaji kuelezwa zaidi. Wazee wawili watatu walikunja uso. Namba tano ilikwenda kwa fundi bomba. Mtoto wa dada wa marehemu, aliyekuwa na uhakika wa kamba, hakupata kitu, na inasemekana pai hakuigusa.

Yeye mwenyewe anaandika kwamba kitu kilichomchanganya si uzito wa kamba, ni kwamba hakuna uzito. Wabebaji wa kweli ni watu wa makaburini, wewe unashika tu. Akamtazama fundi bomba ng'ambo ya shimo, mzee wa miaka 80 na kitu, analia kuliko ndugu wa damu, kamba ameizungusha mara mbili kwenye ngumi kama anavyovuta mtego.

Njiwa sasa. Kibanda kitavunjwa, familia imeshakubaliana, kiwanja si chao na mbao zimeoza. Wale ndege 23 alichukua fundi bomba, akawafungia kwake wiki mbili wazoee. Alipowaachia, wengi walibaki. Wanne kila asubuhi wanaruka wanarudi kutua juu ya mnara mtupu wa mzee, wanakaa hapo mpaka jioni. Mjukuu alimuuliza mbona haendi kuwachukua. Akamjibu kwamba sheria ni sheria, ndege akishatua kwa mwenzio si wako tena.